"Huyu Si Mimi": Uchambuzi wa Picha Moja ya Uso Iliyosafishwa Kupita Kiasi

Mwanamke wa miaka 54, mkuu wa taasisi, anahitaji picha ya kichwa na mabega kwa kazi tatu: ripoti ya mwaka, tovuti, na picha ya ukutani ya sentimita 40 kwa 50. Imepigwa ofisini na mfanyakazi mwenzake kwa kamera nzuri ya megapikseli 24 na lenzi ya milimita 35, flashi ya juu ya kamera ikimulika uso moja kwa moja na taa za dari zikiwaka. Baadaye mtu akaipitisha kwenye programu ya simu yenye kitufe kimoja cha kurembesha uso. Mwenye uso alipoletewa aliitazama akasema: "Huyu ni mdogo wangu, si mimi. Na doa langu liko wapi?" Ombi lake lilikuwa moja: aonekane kama siku aliyolala vizuri.

Ni nadra mteja kutoa maelekezo mazuri hivyo, kwa sababu yana mpaka ndani yake. Aliyelala vizuri habadiliki taya, wala rangi ya ngozi, wala umri. Macho yake hutulia, weusi chini yake hupungua, na uso hauonekani umechoka. Kila uamuzi unaofuata hapa chini umepimwa kwa ombi hilo.

Programu ilifanya nini hasa

Kujua picha imeguswa wapi si kazi kubwa. Weka toleo lililorekebishwa juu ya picha asili katika faili moja, ulinganishe mboni za macho, kisha leya (tabaka la picha) ya juu iwekwe katika hali ya tofauti: panapofanana panakuwa peusi, pasipofanana panang'aa. Picha iliyosafishwa na mtu anayeijua kazi huonyesha mabaka machache, tuseme chini ya macho, kwenye paji la uso na kipele hapa na pale. Hii iling'aa uso mzima, kuanzia nywele hadi kidevu, halafu ikakatika ghafla shingoni. Hakuna kilichochaguliwa, ngozi yote ya uso ilipewa dawa moja.

Vipimo vikaeleza yaliyobaki. Ukubwa ukishalinganishwa, umbali kati ya mboni mbili ni pikseli 640 katika matoleo yote mawili. Lakini upana wa taya kwenye usawa wa mdomo umeshuka kutoka pikseli 1,190 hadi 1,060, karibu asilimia 11. Taya halipungui kiasi hicho kwa usingizi wa usiku mmoja. Ushahidi mwingine uko nyuma yake: fremu ya mlango iliyo jirani na shavu la kushoto imepinda kuelekea usoni, maana programu ilipoisukuma taya ndani iliburuta na kilicho pembeni. Anayetaka kujua kama picha ya mtu imebanwa aanze kutazama mistari iliyonyooka ya nyuma kabla hata ya uso wenyewe.

Halafu rangi. Katika picha asili shavu linasoma 142 nyekundu, 98 kijani, 74 bluu, kwa kipimo cha 0 hadi 255. Katika toleo la programu sehemu ileile inasoma 186, 146, 126. Ngozi imepaushwa, na pia imepoteza uhai: ukolezi wa rangi umetoka asilimia 48 hadi 32, na ndiyo maana uso unaonekana kama umepakwa majivu. Shingo haikuguswa, kwa hiyo kuna watu wawili katika picha moja, mmoja juu ya kola na mwingine chini yake. Kumpausha mtu ambaye hakuomba kupaushwa ni kumkosea heshima, hata kama kilichofanya hivyo ni mashine. Kazi ya kumpendezesha mtu haianzi kwa kuisahihisha rangi yake.

Kuna sababu ya kiufundi inayofanya vitufe vya namna hii viumize zaidi ngozi nyeusi. Katika ngozi nyepesi, umbo la uso huchorwa zaidi na vivuli. Katika ngozi iliyokolea, vivuli viko karibu na rangi ya ngozi yenyewe, kwa hiyo mfupa wa shavu, mgongo wa pua na ukingo wa paji huchorwa na ming'ao. Kitufe cha kulainisha hufanya mambo mawili kwa pamoja: hushusha ming'ao na kupandisha rangi za kati. Vyote viwili vikikutana, uso unabaki bapa, bila mfupa ndani.

Mengine yanatajwa haraka. Vinyweleo vya ngozi vimefutika wakati nyuzi za blauzi bado zinahesabika, na tofauti hiyo peke yake inatosha kumwambia mtazamaji kwamba ngozi si ya kweli. Doa la kuzaliwa juu ya mdomo limechukuliwa kuwa uchafu likaondolewa. Mwanya wa meno ya mbele umepaushwa pamoja na meno hadi ukakaribia kuzibika. Na faili lililohifadhiwa lina pikseli 1080 kwa 1350. Likichapishwa kwa sentimita 40 kwa 50 linatoa pikseli 69 tu kwa kila inchi. Hata uso ungekuwa umetengenezwa vizuri, faili hilo halifai ukutani.

Kwa hiyo toleo hilo linawekwa kando. Hakuna namna ya kurudisha vinyweleo vilivyofutwa. Kazi inaanza upya kutoka kwenye faili ghafi la kamera, yaani data iliyorekodiwa na kamera kabla ya kugeuzwa kuwa picha ya kawaida.

Kuisoma picha kabla ya kuigusa

Mhariri anayekimbilia brashi huishia kutibu dalili. Katika picha hii yanayoonekana kama kasoro za uso yanagawanyika mafungu manne, na kila fungu lina tiba yake.

La kwanza ni ya kupita: vipele viwili kidevuni, mkwaruzo mdogo shavuni, uzi wa nguo kwenye nywele, poda iliyogandamana pembeni mwa pua. Kipimo kinachotumiwa na wahariri wengi ni wiki mbili: kama kitakuwa kimejiondokea ndani ya wiki mbili, kitolewe. La pili ni ya kudumu: doa, mwanya, kovu dogo kwenye nyusi, mvi za pembeni, mistari ya paji. Haya ni mali ya mwenye uso na hayaguswi mpaka aulizwe. Swali liwe la wazi na la heshima, likitaja kitu chenyewe: doa libaki? Kovu? Mvi? Ukiuliza "nirekebishe nini?" kwa jumla, mtu ataanza kujitafutia kasoro ambazo hakuwa nazo akilini. Hapa jibu lilikuwa kila kitu kibaki, mistari ya paji ilegezwe kidogo.

La tatu ni makosa ya mwanga: mng'ao mweupe wa flashi kwenye paji, pua na kidevu, weusi wa chini ya macho ulioongezwa na taa za dari, na mabaka ya rangi ya njano pale taa hizo zilipofika na flashi haikufika. La nne ni makosa ya umbali, na hilo lina hesabu yake tutakayoifikia kwenye pua.

Ukishayapanga hivi utaona kwamba sehemu kubwa ya kilichomfanya aonekane amechoka ni mwanga, ngozi haihusiki. Brashi ya kulainisha ingekuwa inatibu ugonjwa ambao hana.

Faili ghafi

Kazi ya hapa ni fupi lakini ndiyo inayobeba kila kitu. Mizani ya rangi inapimwa kwenye karatasi nyeupe iliyoko mezani nyuma yake, ndani ya eneo lililopigwa na flashi. Ming'ao inashushwa hadi alama ya −45: paji lililokuwa linasoma 246, 241, 238 linashuka hadi karibu 238, 222, 208, maana yake bado kulikuwa na rangi ya ngozi chini ya ule weupe. Vivuli vinapandishwa kidogo, +10, basi. Kitelezi cha uwazi wa maumbo kinachovuta chembe za ngozi kiachwe sifuri. Kukirudisha hasi ili kulainisha uso ni kosa lilelile la programu ya simu kwa mlango wa nyuma. Faili linatolewa kwa biti 16, zenye hatua nyingi zaidi za rangi, kwa sababu marekebisho mengi madogo ya mwangaza juu ya mashavu, ambako rangi hubadilika taratibu, huacha michirizi kama ngazi yakifanywa katika biti 8.

Vipele, kwenye leya tupu

Leya mpya tupu, brashi ya kuponya iliyowekwa isome leya zote za chini, ukubwa wake ukizidi kipele kidogo tu, kingo ngumu kiasi. Zana hiyo ipo katika programu ya kuhariri picha ya Photoshop tangu toleo la 7 la mwaka 2002, na GIMP, programu nyingine ya kazi hiyo, nayo inayo. Chanzo cha ngozi kichukuliwe jirani na kipele, upande ambao mwanga ni uleule. Kinachoharibu hapa ni uvivu wa kuchagua chanzo: vinyweleo vya pua si vya shavu, na vya shavu si vya chini ya jicho. Kipande kikitoka mbali, rangi italingana lakini chembe zitamsaliti.

Picha ikuzwe asilimia 100, isizidi hapo. Ukikuza asilimia 300 utaona vitu ambavyo hakuna binadamu atakayeviona kamwe, na utavifuta vyote. Uso huu ulihitaji miguso michache sana. Vinyweleo vyote vilibaki.

Mwangaza: hapa ndipo kazi yenyewe ilipo

Ngozi inayoonekana mbaya kwenye picha mara nyingi ina chembe nzuri tu. Kinachosumbua jicho ni mabaka madogo ya giza na mwanga yasiyofuata umbo la uso. Yasawazishe hayo na ngozi itaonekana laini huku kila kinyweleo kikiwa mahali pake. Njia hiyo ni ya polepole, na hatujaona nyingine inayoifikia.

Tengeneza leya mbili za marekebisho ya mwangaza, zile zenye mstari wa mshazari unaovutwa juu au chini. Ya kwanza ivutwe juu katikati, kutoka 128 hadi karibu 150. Ya pili ivutwe chini, kutoka 128 hadi karibu 105. Maski za zote mbili, yaani vifuniko vinavyoamua athari ionekane wapi, zijazwe nyeusi ili athari ifichike. Kisha kwa brashi laini nyeupe, uzito (kiwango cha kufunika) asilimia 100 lakini mtiririko (rangi inayotoka kwa kila mguso) asilimia 2 au 3 tu, paka kwenye maski ya kung'arisha pale penye baka jeusi na kwenye maski ya kutia giza pale penye baka jeupe. Brashi iwe ndogo kuliko baka. Kwa mtiririko mdogo hivyo mguso mmoja hauonekani. Mitano au sita ndiyo inayofanya kazi, na ndiyo inayokupa nafasi ya kusimama kabla hujapita.

Juu ya leya zote weka leya ya msaada inayogeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, huku nyekundu ikishushwa ili mabaka mekundu yaonekane meusi zaidi. Bila rangi jicho halidanganyiki. Iwashe unapofanya kazi, izime kila baada ya dakika chache, na usiisahau wakati wa kuhifadhi.

Mabaka mengi hapa yalikuwa na upana wa pikseli 10 hadi 40, yakiwa yamejikusanya pembeni mwa mdomo na chini ya mifupa ya mashavu. Yakishaisha, brashi inakuzwa hadi pikseli 200 au 300 kwa maumbo makubwa: mgongo wa pua, juu ya mfupa wa shavu, katikati ya kidevu. Hapa ngozi iliyokolea inapewa haki yake: ming'ao hii inaimarishwa kidogo, kwa kuwa ndiyo inayobeba uso.

Jihadhari na rangi. Ukiitia ngozi giza kwa njia hii, ukolezi wake huongezeka na baka linageuka rangi ya machungwa. Ukiing'arisha, huwa inaelekea kijivu. Badilisha leya zote mbili ziathiri mwangaza pekee bila rangi, na zikiwa zimezidi kupauka upande wa kung'arisha, ongeza leya ya ukolezi inayotumia maski ileile, +5 au +8.

Mikunjo inayotoka puani hadi pembe za mdomo inastahili maelezo, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Mkunjo huo ni mpaka kati ya shavu na mdomo. Ukifutwa wote, mdomo unaelea na tabasamu linakosa pa kushikilia. Kinachopunguzwa ni giza la ndani ya mkunjo, kwa asilimia 30 hadi 40, bila kugusa mstari wenyewe. Vivyo hivyo mistari ya pembe za macho: mdomo unaotabasamu na macho yasiyo na mstari hata mmoja ni tabasamu la uongo, na mtazamaji hulihisi hata asipojua kwa nini. Mistari hiyo imepunguzwa asilimia 20 tu. Ya paji, kwa ruhusa yake, asilimia 40.

Chini ya macho, kwa karibu

Sehemu hii ndogo, yenye upana wa pikseli 300 hivi kwa kila jicho, ndiyo iliyombeba "uchovu" wote. Shavu linasoma 142, 98, 74. Chini ya jicho inasoma 92, 66, 62. Ukizigeuza namba hizo kuwa nyuzi kwenye duara la rangi, shavu liko kwenye nyuzi 21, yaani kahawia ya machungwa; chini ya jicho iko kwenye nyuzi 8, yaani inavuta kwenye wekundu wa zambarau. Kwa hiyo kuna matatizo mawili, giza na rangi, na anayeng'arisha tu bila kugusa rangi hupata mfuko wa zambarau uliopauka, ambao ni mbaya kuliko ule wa mwanzo.

Giza kwanza. Kwa leya ileile ya kung'arisha, panda taratibu hadi nyekundu ifike karibu 120, si 142. Tundu la jicho ni bonde. Likilingana na shavu, jicho linaonekana limebandikwa juu ya ukuta. Halafu rangi: leya mpya tupu katika hali ya kubadilisha rangi pekee, chukua rangi ya shavu, paka kwa brashi laini, kisha shusha uzito wa leya hadi nyuzi zifike karibu 16. Hapa usomaji wa mwisho ni 120, 86, 74. Weusi bado upo, ila umekuwa kivuli cha kawaida cha mtu mwenye afya.

Uvimbe mdogo chini ya jicho la kulia unafanywa na kitu kimoja: mstari mweupe juu ya mfuko na mstari mweusi chini yake. Tia giza kidogo ule mweupe, ng'arisha kidogo ule mweusi, na mfuko unashuka bila kufutwa. Mstari ulio karibu kabisa na kope za chini uachwe, ndio unaolishika jicho. Stempu ya kunakili shavu na kulibandika chini ya jicho isiguse hapa hata kidogo, kwa sababu ngozi ya shavu ina vinyweleo vikubwa na ya chini ya jicho ni nyembamba yenye vimistari. Kiraka huonekana hata kwenye picha ndogo.

Mng'ao wa flashi

Baada ya kazi ya faili ghafi paji linasoma 238, 222, 208. Leya mpya tupu, hali inayoruhusu kutia giza tu, rangi iliyochukuliwa kwenye ukingo wa mng'ao, hapa 196, 150, 120. Brashi kubwa laini, uzito asilimia 20. Pito la kwanza linaleta 230, 208, 190. La pili 223, 196, 176. Hapo pakaachwa. Mtu anayetafuta kuumaliza mng'ao kabisa ataishia na paji la unga. Lengo ni mng'ao wenye rangi ya ngozi badala ya mng'ao mweupe.

Kipande kidogo katikati hakikuwa na chembe zozote, kwa kuwa flashi ilizila. Rangi peke yake ikipakwa hapo huonekana kama nta. Chembe zikaazimwa kutoka sentimita chache pembeni, kwenye leya yake, uzito asilimia 30.

Hapo pia ndipo pekee ilipotumika mbinu ya kutenganisha picha tabaka mbili, la chembe juu na la rangi chini: kwenye paji, ambako mwanga wa njano wa dari ulikutana na mweupe wa flashi. Tabaka la chini lilitiwa ukungu wa pikseli 8, kipimo ambacho vinyweleo ndipo vinapotoweka kwenye uso wa ukubwa huu, pikseli 1,900 kutoka paji hadi kidevu. Kisha eneo likazungushiwa mstari wenye kingo laini za pikseli 20 na kusawazishwa. GIMP ina amri yake ya kugawa picha tabaka kadhaa kwa ukubwa wa chembe, inafaa pia. Hatari ya mbinu hii ni mipaka: ukungu ukivuka ukingo wa pua au nyusi, rangi ya kivuli inamwagika shavuni na kuacha wingu la kijivu. Pia ni tamu mno kwa mkono wenye haraka, na ndiyo inayozalisha nyuso nyingi za plastiki zinazoitwa kazi ya kitaalamu. Itumike kwenye baka la rangi lililo mbali na mipaka.

Pua na umbali

Alilalamika pia kwamba pua yake si kubwa hivyo. Alikuwa sahihi, na lenzi haina kosa. Kosa ni umbali. Kwa lenzi ya milimita 35 na fremu ya kichwa na mabega, kamera ilikuwa sentimita 60 hivi kutoka ncha ya pua. Macho yako karibu sentimita 4.5 nyuma ya ncha hiyo. Kwa umbali huo pua inakuzwa kwa asilimia 7.5 ikilinganishwa na macho. Fremu ileile kwa lenzi ya milimita 85 ingepigwa kutoka karibu mita 1.5, na ukuzaji ungekuwa asilimia 3 tu. Tofauti ni asilimia 4 na ushei.

Hicho ndicho kiasi kinachorekebishwa, wala hakiongezwi. Kwa zana ya kusukuma maumbo, ambayo katika Photoshop imekuwa ikitambua viungo vya uso tangu 2016, upana wa pua ulipunguzwa asilimia 4, na paji lililojitokeza likarudishwa chembe. Eneo la nyuma lilifungwa kwa maski ili fremu ya mlango isipinde. Taya halikuguswa. Masikio, ambayo kwa umbali wa sentimita 60 hujificha nyuma ya mashavu, hayawezi kurudishwa na zana yoyote. Dawa yake ni kurudi nyuma mita moja siku ya kupiga.

Kubadili umbo kuna mpaka wa matumizi pia. Picha ya pasipoti haiguswi kabisa. Katika matangazo, Ufaransa tangu tarehe 1 Oktoba 2017 inadai picha ya mwanamitindo aliyebadilishwa umbo la mwili iandikwe wazi kwamba imerekebishwa, na Norway tangu 1 Julai 2022 inadai alama kwenye matangazo ambamo umbo, ukubwa au ngozi ya mtu imebadilishwa. Picha ya ripoti haiingii humo, lakini ukihitaji kuficha ulichofanya, umeshavuka ombi la mteja.

Macho, meno, nywele

Weupe wa macho: wekundu wa mishipa ushushwe ukolezi asilimia 30, mwangaza usizidi robo stopu (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili). Kivuli kinachoangushwa na kope ya juu kibaki, bila hicho jicho linakuwa mpira. Nuru mbili ndani ya mboni, ya flashi na ya dirisha, zibaki zote. Sehemu ya chini ya duara la rangi ya jicho, mkabala na nuru, ing'arishwe kidogo sana.

Meno: ukolezi wa njano −35, mwangaza +6, maski isipite kwenye mwanya wala kwenye fizi. Kagua hivi: jino lisizidi karatasi nyeupe iliyo kwenye picha hiyohiyo.

Nywele: zilizotoroka na kukatiza uso ziondolewe, zilizo pembeni zipunguzwe, chache zibaki. Ukingo wa nywele uliokatwa safi pote huonekana kama kofia. Mvi ni zake.

Ukaguzi na makabidhiano

Leya zote ziliwekwa katika kundi moja, kazi ikaachwa hadi kesho yake, kwa sababu jicho lililokaa muda mrefu kwenye uso mmoja hulizoea kosa lake. Asubuhi uzito wa kundi ulishushwa hadi asilimia 85 na hakuna kilichopotea. Mara nyingi huwa hivyo. Picha ikageuzwa kushoto kulia ili kuona kama upande mmoja umefanyiwa kazi zaidi, kisha ikarudishwa. Kugeuza husaidia pia mteja anaposema uso wake "umepinda": watu wameuzoea uso wao wa kwenye kioo, na picha huwaonyesha ule wanaouona wengine. Usinyooshe uso kabla ya kumwonyesha hilo. Wala usimkabidhi iliyogeuzwa, doa litahamia upande usio wake.

Leya ya tofauti ikawashwa tena juu ya picha asili. Safari hii mabaka yaling'aa chini ya macho, kwenye paji, puani na kwenye mikunjo miwili, kwingine karibu kote peusi. Shavu lilisoma 144, 99, 75, na shingo ikafuatana nalo.

Mwenye uso alipoona aliomba kitu kimoja: mstari ulio kati ya nyusi urudi kama ulivyokuwa, kwa sababu ndio anaoujua. Mstari huo ulikuwa na leya yake, kwa hiyo ilikuwa ni kuuzima tu. Kisha yakatoka mafaili matatu: pikseli 3780 kwa 4724 kwa picha ya ukutani, zinazotosha pikseli 240 kwa inchi, zikiwa na profaili ya rangi ya mchapishaji, 2362 kwa 2953 kwa ripoti, sentimita 20 kwa 25, na ya tovuti, pikseli 800 kwa 1000 katika sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini, iliyonolewa mwishoni kwa nusukipenyo cha pikseli 0.4, maski ikiacha macho, nyusi, nywele na mdomo vipate ukali na mashavu yasipate.